Kilo mbili kwa kila gunia: mizani ya korosho iliyofumbiwa macho

Kisa hiki ni cha chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho, AMCOS kama tunavyoviita, huko uwanda wa Makonde upande wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Hakilengi chama kimoja. Kimekusanywa kutokana na njia zinazotumika kuchezea mizani katika vyama vya aina hii, ndiyo maana hakuna jina la kijiji wala la mtu. Hesabu nazo ni za mfano, zimewekwa nyepesi ili msomaji azirudie mwenyewe kwa kalamu. Wizi tunaouchambua haukufanyika usiku. Ulifanyika mchana kweupe, mbele ya foleni, na karibu kila mtu aliyepita pale aliona kipande chake akanyamaza. Ukimya huo ndio uliobeba mzigo wote, kwa hiyo ndio tunaoushughulikia zaidi kuliko mwizi.

Kwanza njia ya korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 Mtwara inauza korosho kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anaokota, anaanika, anachambua, kisha anapeleka kwenye ghala la chama chake. Pale korosho zinakaguliwa daraja, zinapimwa, na anapewa stakabadhi yenye jina, idadi ya magunia na kilo. Chama kinakusanya mzigo na kuupakia kwenye lori hadi ghala kuu, ambako unapimwa upya na kupewa hati ya ghala. Mnada unafanyika, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, na fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima kwa kufuata orodha ya majina na kilo iliyoandaliwa na chama. Kwa hiyo mzigo mmoja unapimwa mara mbili na kuandikwa mara tatu: daftari la mapokezi kijijini, hati ya ghala kuu, na orodha ya malipo ya benki. Shika hizo karatasi tatu, tutazirudia.

Mizani yenyewe

Siku ya mapokezi mama mmoja mjane, mtu mzima, alileta magunia matatu. Nyumbani mjukuu wake alikuwa ameyapima kwa mizani ya kuazima dukani, akamwambia kila moja lina kilo themanini na moja pamoja na gunia lenyewe. Gunia la kwanza likapandishwa.

"Bibi, sabini na nane."

"Mjukuu wangu, nyumbani niliambiwa themanini na moja."

"Bibi, si unajua gunia nalo lina uzito? Na korosho zinanyauka. Lete jingine."

Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na nyuma yake watu walishaanza kunung'unika kwamba anachelewesha. Akaleta jingine.

Gunia la juti likiwa tupu lina uzito wa karibu kilo moja. Themanini na moja ukitoa moja ni themanini. Sabini na nane ilitoka wapi? Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kutafuta ujanja mmoja mkubwa. Hakukuwa na ujanja mkubwa. Kulikuwa na mitatu midogo, na kila mmoja una maelezo yake yasiyo na aibu.

Wa kwanza: mizani ilikuwa ya kidijitali, na kabla haijawekewa kitu kioo chake kilisoma hasi nusu kilo. Ni rahisi kufanya hivyo. Unaweka kitu cha nusu kilo juu ya bamba, unabonyeza kitufe cha kutoa uzito wa chombo, mizani inasoma sifuri, kisha unaondoa kile kitu. Kuanzia hapo kila gunia linapungua nusu kilo. Alama ya kutoa inaonekana wazi, ila inaonekana wakati bamba liko tupu tu, na mkulima hutazama kioo wakati gunia lake liko juu. Isitoshe kioo kilielekezwa kwa karani, na karani ameegemeza daftari mbele yake. Ukiuliza, utaambiwa ni vumbi, au betri.

Wa pili: "pointi hatuandiki." Mizani ikisoma 79.6 inaandikwa 79. Ikisoma 79.9 inaandikwa 79. Kwa magunia mengi mfululizo, kukata pointi hula kwa wastani karibu nusu kilo kwa gunia. Maelezo yake ni kurahisisha hesabu. Lakini kurahisisha kwa haki kungekuwa kupandisha kuanzia nusu na kushusha chini ya nusu, hapo mwisho wa siku pande mbili zingelingana. Kinachoelekea upande mmoja siku zote hakiwezi kuitwa kurahisisha.

Wa tatu: uzito wa gunia ulikatwa kilo mbili badala ya moja. Maelezo: mengine yamelowa, mengine mazito. Dawa yake ni kupima magunia kumi matupu kwa pamoja mbele ya watu na kugawanya kwa kumi. Ni kazi ya dakika tano, na haikuwahi kufanyika.

Nusu, na nusu, na moja. Kilo mbili.

Sasa piga hesabu ya chama. Chukulia kimepokea magunia 5,000, kila moja lina kilo 80 halisi za korosho, yaani tani 400. Daftari linasema 78 kwa kila gunia, yaani tani 390. Tani kumi hazina mwenyewe. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 30,000,000 kwa msimu mmoja, bila kuvunja kufuli wala kughushi saini. Kwa mkulima wa magunia manane ni kilo 16, shilingi 48,000. Inauma, lakini haimfanyi mtu apande gari hadi wilayani, kwa sababu nauli, chakula na siku ya kazi vinakula sehemu kubwa ya madai yenyewe. Wizi wa namna hii unaishi hapo hapo katikati: kinachompotea mmoja ni kidogo, kinachowafikia wachache ni kikubwa.

Kisingizio cha unyaufu

Neno linalofunga midomo kwenye ghala ni unyaufu, na lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linafanya kazi vizuri. Korosho mbichi hupoteza maji. Tuseme gunia la kilo 80 limeletwa likiwa na unyevu wa asilimia 10. Ndani yake maji ni kilo 8 na kitu kikavu ni kilo 72. Zikikauka hadi asilimia 8, kile kikavu kinabaki kilo 72, na uzito wote unakuwa kilo 78.3 hivi. Imepotea kilo 1.7. Mpimaji anayesema korosho zinanyauka hajadanganya kuhusu korosho.

Anadanganya kuhusu mambo mawili. Kwanza, hakupima unyevu wa gunia la yule bibi. Korosho zake zilikuwa zimeanikwa vizuri. Ukizitikisa mkononi zinalia, ukucha haugandi kwenye ganda. Kumkatia unyaufu aliyeleta korosho kavu sawa na aliyeleta mbichi ni kumwadhibu mwenye kazi safi. Pili, na hili ndilo la kukaa nalo, unyaufu ukiwa wa kweli lazima uonekane kwenye karatasi. Kama kijijini zimepokelewa tani 390 na zikanyauka, ghala kuu lazima zisomeke chini ya tani 390. Zingine zitamwagika njiani, gunia litapasuka, utingo naye atachota mfukoni.

Katika chama hiki hati za ghala kuu zilionyesha tani 400 bila upungufu wa maana. Na daftari la mapokezi la mwisho wa msimu nalo lilisema tani 400. Vinalingana kilo kwa kilo. Kwa mkaguzi anayekuja msimu umekwisha, akikaa mezani na majalada, huo ni usafi wa kupongezwa. Kwa mtu anayeijua korosho, ni kengele. Wakulima wamekatwa kilo kwa sababu ya unyaufu, halafu vitabu vinasema unyaufu haukutokea. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Zile tani kumi zilirudishwaje kwenye daftari? Kwa wakulima hewa. Jioni, foleni imeisha, majina kadhaa huongezwa: kilo 400 hapa, kilo 650 pale. Majina yana akaunti za benki na yana watu, ila hayana mikorosho. Ni shemeji, ni mtoto aliye Masasi anasoma, ni rafiki wa dukani. Fedha inaingia kihalali kabisa kwa orodha iliyogongwa mhuri.

Nani aliona nini

Wapakiaji waliona. Mtu anayebeba magunia siku nzima anajua kilo themanini begani, hahitaji mizani. Lakini hulipwa kwa gunia na chama hicho hicho, na kesho anaitwa au haitwi.

Karani wa pili aliona alama ya hasi kwenye kioo siku ya pili ya msimu. Aliuliza, akaambiwa mizani imeshabandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Ni kweli, stika ilikuwepo na ni ya mwaka ule. Stika inasema mizani ilikuwa sahihi siku ilipohakikiwa. Haisemi lolote kuhusu kitufe kilichobonyezwa leo asubuhi. Karani alilijua hilo, akaichukua stika kama ruhusa ya kutotazama tena.

Mjumbe mmoja wa bodi aliona majina. Alikuwa mmoja wa wanaosaini, na kwenye orodha alikuta mtu wa kitongoji chake ambaye hana shamba. Tatizo lake halikuwa woga wa mwenyekiti. Mpimaji ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye anayesimama kwa niaba ya mpwa kwenye jando, kwenye mahari na kwenye kesi. Kumtaja mpwa mbele ya mkutano mkuu ni kumrudia dada na kumwambia nimemtoa mwanao. Wanaomlaumu mjumbe huyu kirahisi hawajapima uzito huo. Lakini msimu ule kuna akina dada wengine waliokuwa wakikatwa kilo mbili mbili, nao wana watoto, na mjomba wa hao hakuonekana.

Mwalimu na mwenye duka waliona pia, na hapa pana uchafu zaidi. Wote wawili walikuwa kangomba. Miezi ya Julai na Agosti, kabla msimu haujafunguliwa, walikuwa wakitoa fedha na unga kwa watu wenye shida, na kulipwa korosho kwa kipimo cha bakuli, kwa bei iliyo chini sana ya mnada. Biashara hiyo ni marufuku, na mwaka 2018 Serikali ilipochukua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilifanya uhakiki wa mashamba kabla ya kulipa kwa sababu ya watu kama hawa. Kangomba hana shamba la kutosha, kwa hiyo anahitaji karani wa kumwandika bila kuuliza. Mtu anayehitaji karani asiyeuliza hawezi kusimama mkutanoni kumuuliza karani. Na ndio hao hao kijiji kinawategemea kusema, kwa kuwa wanajua kusoma vitabu.

Wakulima wenyewe? Walijua. Wengi walishapima nyumbani. Hawakuwa wajinga, walikuwa wamefungwa, na kamba zake zinajulikana. Mkulima aliyebisha kwenye mizani mwanzoni mwa msimu alikuta korosho zake zimeshushwa daraja la pili. Mwingine jina lake liliandikwa vibaya herufi moja, benki ikarudisha fedha, akalipwa wiki nyingi baada ya wenzake. Mwingine mwaka uliofuata salfa, dawa ya mikorosho, ilipokuja aliambiwa jina halimo, na bila ile mifuko ya kilo 25 ugonjwa wa ubwiri unga hula maua yote. Hakuna hata kimoja kati ya hivi unachoweza kukithibitisha kuwa kisasi. Kila kimoja kinaitwa bahati mbaya.

Kunyamaza nako kuna bei yake. Liwale, Aprili 2013, malipo ya korosho yalipokuja pungufu kuliko watu walivyoahidiwa, nyumba zilichomwa moto. Hasira iliyokosa daftari la kusemea haichagui vizuri nyumba ya kuchoma.

Jinsi ulivyofunguliwa

Wizi huo haukufunguliwa na shujaa. Mtendaji mmoja wa zamani wa kijiji, mstaafu, mwanachama wa kawaida, aliomba kitu kidogo ambacho ni vigumu kukikataa: orodha ya mapokezi ibandikwe ukutani, jina na kilo, kila Ijumaa. Hakumtaja mtu. Alisema watu wanasahau stakabadhi zao, wakiziona ukutani watakumbuka. Bodi ikakubali kwa kuwa kukataa kungeonekana.

Wiki ya pili watu walianza kusoma majina. Hakuna mkaguzi anayeweza kufanya kazi ile. Mkaguzi akiona jina na kilo 650 haoni chochote. Wanakijiji wakiliona wanajua papo hapo kwamba yule ana mikorosho minane ya urithi na mitatu imekauka. Minong'ono ikawa na karatasi ya kuegemea.

Baada ya hapo mambo yalifuata mpangilio ambao tunaupendekeza kwa chama chochote, kwa utaratibu huu huu, kwa sababu ukibadilisha mpangilio unampa mhusika muda wa kurekebisha.

Mizani ilijaribiwa kwanza, asubuhi, kabla ya mapokezi, kwenye sakafu iliyo sawa. Kioo kilitazamwa bamba likiwa tupu. Kisha mfuko wa saruji wa kilo 50 usiofunguliwa uliwekwa katikati, na baadaye kwenye kila kona. Mizani nzima husoma karibu sawa kote. Kisha mifuko miwili kwa pamoja, kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi kwenye kilo tano na kukosea kwenye themanini. Mfuko wa saruji si jiwe la vipimo, unaweza kupishana kidogo, kwa hiyo jaribio hili halitoshi kumshtaki mtu. Linatosha kumwita Wakala wa Vipimo aje na mawe yake. Tofauti ya kosa la kifaa na kosa la mtu huonekana hapa: mizani mbovu hukosea siku zote, hata usiku, mizani iliyochezewa kwa kitufe huwa sahihi ikizimwa na kuwashwa upya. Hii ilikuwa sahihi ilipowashwa upya.

Pili ndipo zile karatasi tatu zikawekwa meza moja. Stakabadhi za wakulima zilizokusanywa nyumba kwa nyumba zilijumlishwa na kulinganishwa na daftari. Majina yaliyokosa stakabadhi mkononi mwa mtu yalitengwa, yakapelekwa kitongoji kwa kitongoji kuulizwa shamba liko wapi. Picha za simu zilipigwa kwa kila ukurasa kabla mtu yeyote hajaambiwa kitu. Hatua hii ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na daftari huungua au kuloa mvua wiki ile ile.

Tatu ndipo taarifa ikaenda kwa Afisa Ushirika wa wilaya na kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, kwa maandishi, nakala kwa Wakala wa Vipimo na kwa TAKUKURU. Namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bure. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo, na barua iliyosainiwa na watu thelathini ni ngumu zaidi kulipiziwa kisasi kuliko ya mtu mmoja. Salfa ya watu thelathini haiwezi kupotea kwa bahati mbaya.

Mjumbe yule wa bodi aliitwa kwenye kikao cha ukoo kabla ya mkutano mkuu. Alimwambia dada yake mbele ya wazee kwamba hatamtetea mpwa kwenye hili. Mpwa alikiri kilo, akakataa majina. Majina, alisema, yalikuwa yakiletwa na katibu yakiwa yameshaandikwa kwenye kikaratasi. Huenda ni kweli. Mpimaji alilipwa kidogo sana katika mpango ule, na anayeshika kioo ndiye anayeonekana kwanza.

Kurudisha fedha

Mkutano mkuu uliamua tani kumi zirudi. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na wengi wanaoandika juu ya visa hivi huishia mlangoni pake. Njia rahisi ni shilingi 6,000 kwa kila gunia lililopokelewa, kwa kufuata daftari. Ukifanya hivyo, mwenye magunia manane anapata 48,000 yake na jambo limekwisha.

Sivyo kwa wote. Daftari linasema gunia liliandikwa kwa jina la nani. Aliyeuza kwa kangomba mwezi Agosti, akapimiwa kwa bakuli iliyojazwa kichuguu, gunia lake limeandikwa kwa jina la mwenye duka. Ukirudisha kwa daftari, mwenye duka anapokea fidia ya wizi juu ya korosho alizozipata kwa unyonyaji wake mwenyewe, na aliyelima hapati kitu. Ukisema kangomba wasilipwe, lazima uwataje, na kuwataja kunahitaji wale waliowauzia wasimame waseme tuliuza, wakati kuuza kwenyewe ni kosa na Julai nyingine inakuja, na unga uko kwa mwenye duka yule yule.

Mkutano uliahirisha kipengele hicho. Wakulima wenye mashamba yaliyohakikiwa walilipwa kwanza. Fedha ya magunia yenye utata ilibaki kwenye akaunti ya chama, na wanachama watatu wasio wajumbe wa bodi walipewa miezi miwili ya kupita kitongoji kwa kitongoji, kuwasikiliza walioyauza mmoja mmoja, nyumbani kwao, bila karani.